Kiwele Kilichofungwa

Mtu anauza gari la umeme lililotumika. Anajua betri yake imechoka. Mnunuzi hakuuliza, naye hakusema. Je, kunyamaza huko ni dhambi? Na kama hajui hali ya betri kwa sababu hakutaka kuipima, kutojua huko kutamwokoa mbele ya Mungu?

Maswali haya mawili yananikosesha raha, kwa sababu nayaona yakitokea machoni pangu, kwenye malango ya Kitisuru na kwenye yadi za Barabara ya Ngong, Nairobi. Nimewasikia watu wema, wenye kusali na kufunga, wakiyajibu kwa neno moja: mnunuzi ana macho. Mimi nasema macho hayatoshi, na anayejua kwamba hayatoshi kisha akayategemea amedanganya.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, nikasomea kazi hii pale Poly, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Napanga Mwimuto, na riziki yangu naipata ng'ambo ya bonde: Kitisuru, Loresho, Spring Valley, hadi kule Barabara ya Peponi. Watu huniita niwafungie tundu la kuchajia nyumbani, au niwakagulie gari kabla hawajatoa pesa. Gari ninaloitiwa mara nyingi ni Nissan Leaf kutoka Japani.

Leaf ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Mwishoni mwa 2015 ikaja ya 30. Oktoba 2017 umbo likabadilika na betri ikawa ya 40, na mapema 2019 ikaongezwa ya 62. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo zinazoshushwa katika bandari ya Kilindini siku hizi ni za 40 na 62. Zile za 24 na 30 zilifika zamani, na sasa zinahama kutoka mkono mmoja hadi mwingine humu humu mjini. Ukiziweka ya 24 na ya 30 ubavu kwa ubavu, kwa nje hutazitofautisha. Hata za 24 zenyewe si kitu kimoja. Betri za miaka ya mwanzo zilishindwa na joto. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba zinapoteza uwezo upesi, na baadaye Nissan ikabadilisha kemia yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "betri ni ile ya 24," bado hajakwambia kitu.

Kuna pia umbali. Leaf ya 40 ilipewa kilomita 400 kwa kipimo cha Kijapani cha JC08. Wamarekani walipoipima kwa njia yao waliipa maili 151, ambazo ni kama kilomita 243. Gari ni lile lile. Muuzaji wa Nairobi anayejua namba zote mbili huandika 400 kwenye tangazo, na ukimbana anakuonyesha karatasi. Karatasi haisemi uongo. Lakini Taurati iliwakataza watu kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, na sioni tofauti kati ya mawe yale na namba hizi mbili ikiwa muuzaji huchomoa ile inayomfaa yeye peke yake.

Kisha kuchaji kwa kasi. Leaf ya matoleo haya haina maji ya kupoza betri. Hupoa kwa upepo tu. Ukiichomeka kwenye chaja ya kasi ya CHAdeMO, yenye nguvu ya kilowati 50, betri hupata joto, na likizidi, gari lenyewe hupunguza umeme linaoupokea ili lisijiunguze. Mwaka 2018 madereva wa Ulaya walioenda safari ndefu na Leaf ya 40 waligundua kwamba chaji ya kwanza ya siku inakwenda vizuri, ya pili inajikokota, ya tatu inachosha roho, mpaka Nissan ikabadilisha programu ya gari. Kwa hiyo "inajaa asilimia 80 kwa dakika 40" ni ukweli wa chaji ya kwanza, kwenye betri yenye ubaridi. Hapa Kitisuru, juu ya mita 1,700, na ukungu wetu wa Juni na Julai, betri inaishi kwa raha. Anayeshuka nayo Mombasa, kilomita kama 480, akiichaji njiani kwenye joto la Tsavo, atakutana na gari jingine kabisa.

Haya yote yanaweza kusomwa na yeyote mwenye subira. Kisichosomeka kwa macho ni maisha ambayo betri hii moja, ya gari hili moja, imeyapitia.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna safu ya vijiti 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Havionyeshi chaji ya leo. Vinaonyesha ukubwa wa tangi lenyewe. Kijiti cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, na baada ya hapo kila kimoja ni kama asilimia sita. Maana yake, magari mawili yenye vijiti 12 yanaweza kutofautiana sana, na mita haijasema neno. Pia yuko fundi mwenye kompyuta anayeweza kuifanya betri isahau ilichojifunza juu yake yenyewe, vijiti vyote 12 vikawaka tena. Gari likiendeshwa wiki kadhaa betri inajitambua upya na vijiti vinaanza kuzimika, lakini hapo muuzaji ameshabadilisha laini ya simu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Betri nzima na betri iliyochoka zinajiuza kwa sura moja.

Dini yangu ilishakutana na jambo hili muda mrefu kabla ya umeme. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, ambayo Bukhari na Muslim wote wameiandika, Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga ngamia au kondoo kiwele. Wafugaji walikuwa wakimwacha mnyama siku kadhaa bila kumkama kabla ya kumpeleka sokoni. Kiwele kikajaa, kikaning'inia, mnunuzi akaona mnyama wa maziwa mengi. Hakuna aliyesema uongo. Maziwa yalikuwemo kweli. Ila yalikuwa maziwa ya siku tatu yaliyofanywa yaonekane ya siku moja.

Sijaona mfano unaolingana na betri iliyochoka kuliko huu. Gari huchajiwa usiku kucha, asubuhi linaonyesha asilimia 100. Asilimia 100 ya nini? Ya tangi lililosinyaa. Limejaa kweli, na ni kujaa huko kunakodanganya.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Hadithi ile haikuishia kwenye makatazo. Mnunuzi aliyedanganyika alipewa hiari: baada ya kumkama mnyama, akiridhika amweke, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Katika mapokezi ya Muslim muda umetajwa, siku tatu. Kwa nini siku tatu? Mwanazuoni aliyenisomesha utotoni alisema ni kwa sababu mara moja haitoshi. Maziwa ya kwanza ni yale yaliyofungwa. Kuanzia ya pili na ya tatu ndipo mnyama anajisema mwenyewe. Na pishi ya tende ni ya nini, wakati aliyekosa ni muuzaji? Ni fidia ya maziwa ambayo mnunuzi amekunywa. Hata aliyedanganywa hatakiwi kuondoka na cha mwenzake. Haki ya aina hiyo, inayompima mkosaji na mkosewa kwa kibaba kimoja, nikiifikiria hunitoa machozi.

Si wanazuoni wote waliokubali. Imamu Abu Hanifa hakuifanyia kazi hukumu hii ya kurudisha mnyama. Aliona haiendi na kanuni nyingine za fidia, kwamba kitu hulipwa kwa mfano wake au thamani yake. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Lakini sisi wa pwani ni Mashafii, na Imamu Shafii aliichukua Hadithi kama ilivyo. Kwa fundi kama mimi hukumu hiyo ina akili ya kazi: inatambua kwamba kuna kasoro ambayo jicho haliioni sokoni, na dawa yake ni muda wa kujaribu.

Wasiokuwa Waislamu nao wameusumbukia mlango huu. Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu chake cha wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mfanyabiashara aliyefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, akitokea Alexandria. Anajua meli nyingine nyingi ziko nyuma yake na bei itaanguka. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze ghali? Wanafalsafa wawili walihitilafiana. Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kuficha: sheria ikimtaka muuzaji ataje kasoro, azitaje; mengine si deni lake. Antipater, mwanafunzi wake mwenyewe, alisema hapana, kila anachokijua muuzaji lazima mnunuzi akijue. Cicero aliegemea kwa Antipater.

Kwa nafaka ya Rhodes naweza kumwelewa Diogenes kidogo. Meli zilizo njiani hazimo ndani ya gunia; nafaka yenyewe ni nzima. Betri ni jambo jingine. Leaf bila betri ni viti vitano na redio. Anayeuza gari hili anauza hasa uwezo uliobaki ndani ya sanduku lile la chuma chini ya sakafu, na uwezo huo umetokana na historia yake: joto lililopata, mara lilizochajiwa kwa kasi, miezi liliyokaa limejaa bila kuendeshwa. Historia ndiyo bidhaa. Akinyamaza juu yake, ameificha bidhaa na kuchukua bei.

Kuna mzee mmoja wa Kitisuru, mstaafu, mtu wa heshima. Aliniita nimtengenezee tundu la kuchajia kwenye gereji yake. Leaf yake ilikuwa ya 30, na katika kazi ile ilinibidi nichomeke kile kifaa kidogo chini ya usukani kinachoonyesha hali ya betri kwenye simu. Namba zilitokea: afya ya betri asilimia 71, chaji za kasi nyingi mno, na ile picha ya jozi 96 za seli, kila moja na kijiti chake. Vijiti vingi vilikuwa sawasawa kama meno, ila vitatu upande mmoja vilikuwa vimezama chini ya wenzao. Nilimwonyesha. Akasema, "Najua, binti yangu. Ndiyo sababu naiuza."

Nikiwa bado naokota vifaa, mnunuzi akafika. Mwalimu kijana wa kike, anaishi Uthiru. Mzee akamfungulia mlango wa gari, akawasha. "Imejaa, unaona mwenyewe. Asilimia mia." Mwalimu akatabasamu, akauliza juu ya rangi na matairi, akauliza kama logibuku iko tayari. Juu ya vile vijiti vidogo tisa kandokando ya mita hakuuliza, maana nani angemwambia kwamba vilipaswa kuwa 12?

Katika kitabu chake cha Ihyaa, Imamu Ghazali amekitaja kisa cha sahaba Wathila bin Al-Asqaa. Alikuwa amesimama sokoni, mtu akauza ngamia jike wake kwa dirhamu 300. Mnunuzi akaondoka naye. Wathila akamkimbilia akimwita, akamuuliza: umemnunua kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya safari? Akajibu, safari. Wathila akamwambia mnyama ana tundu katika unyayo, hatahimili mwendo mrefu. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100, akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akamjibu kwamba si halali kuuza kitu bila kueleza kasoro yake, wala si halali kwa anayeijua kasoro hiyo kunyamaza.

Wathila hakuwa muuzaji wala dalali. Alikuwa mpita njia anayejua. Na tazama swali aliloanza nalo: nyama au safari? Unyayo wenye tundu si kasoro kwa mchinjaji. Kwa hiyo ukweli hauanzi na orodha ya ubovu wa gari, unaanza na haja ya mtu anayelinunua.

Nikamuuliza mwalimu: "Dada, gari hili walitakia safari gani?" Akasema shuleni Westlands kila siku, na mwisho wa mwezi kumpeleka mama yake kliniki Nakuru. Nakuru ni kilomita kama 160. Nikamwambia wazi, mbele ya mwenye gari: kwa Westlands litakufaa miaka kadhaa, kwa Nakuru halitafika bila kusimama kuchaji, na likiwa na mama mgonjwa ndani si la kujaribu.

Mwalimu aliondoka bila kununua. Mzee hakunipigia kelele. Aliniambia maneno ambayo bado nayabeba: "Mimi nililinunua hivyo hivyo. Hakuna aliyeniambia mimi." Hii ndiyo hoja ngumu kuliko ile ya Diogenes, kwa sababu imetoka kwenye maumivu. Dhuluma iliyompata mzee ni ya kweli. Lakini deni lake liko kwa aliyemuuzia, si kwa mwalimu wa Uthiru. Kama kila aliyeumizwa ana ruhusa ya kuumiza anayefuata, basi betri hii itapita mikono kumi ikidhulumu kila mkono, na wa mwisho atakuwa maskini kuliko wote, kwa sababu magari huteremka: kutoka Kitisuru hadi Uthiru, kutoka Uthiru hadi kwa kijana anayetafuta teksi yake ya kwanza.

Limebaki swali la pili, la asiyejua. Kwenye yadi nasikia kila mara: "Sisi hatujui betri, gari limekuja hivyo kutoka Japani, linauzwa lilivyo." Fiqhi inayajua mauzo ya namna hiyo. Katika kitabu cha Muwatta cha Imamu Malik kuna kesi ya sahaba Ibn Umar, aliyeuza mtumwa kwa sharti la kutodaiwa kasoro. (Inauma kuisoma, sisi wa pwani tunaojua misafara ya watumwa ilipita wapi, lakini kanuni iliyotokana nayo inawalinda wanunuzi hadi leo.) Mnunuzi alipolalamika, Khalifa Uthman hakuridhika na lile sharti. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuijua kasoro. Ibn Umar hakuapa, alirudishiwa. Neno "linauzwa lilivyo" humkinga asiyejua kweli. Halimkingi mwingine.

Sasa, nani asiyejua kweli? Kifaa cha kusoma betri kinaingia kiganjani, na bei yake ni ndogo kuliko tairi moja. Kukitumia ni dakika chache. Mwenye yadi anayenunua magari kila mwezi, asiyekichomeka kwa makusudi ili aweze kuapa kwamba hajui, ameununua ujinga ule kwa sababu una faida. Mimi namhesabu miongoni mwa wanaojua. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo ina akili kama hiyo kwa mnunuzi: akikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Lakini ukaguzi wa macho haukupaswa kufichua seli tatu zilizozama kati ya 96. Mfanyabiashara asijifiche nyuma ya "ulikagua mwenyewe."

Wewe unayeuza, andika kwenye mkataba afya ya betri, aina yake, tarehe uliyoisoma, kisha mpe mwenzako siku tatu. Nawe unayenunua, ziombe. Siku ya kwanza liendeshe mpaka chaji ikaribie asilimia tano. Usiku zima vingine vyote nyumbani, andika uniti zilizo kwenye mita yako ya tokeni, lichomeke, na likijaa soma tena. Leaf ya 40 iliyo nzima itakuwa imekula kama uniti 40 pamoja na zile zinazopotea njiani. Ikijaa kwa 30, umeshajua. Siku ya pili nenda kwenye chaja ya kasi mara mbili, utazame ya pili inavyokwenda. Siku ya tatu lipeleke pale hasa unapokusudia kwenda nalo. Ukilirudisha, mlipe mwenyewe uchakavu wa siku zile, kwani hiyo ndiyo pishi yako ya tende. Muuzaji akizikataa siku tatu, usinunue.